Nikiyapoteza, Nimpigie Nani?

Oktoba 2020, vijana wa Nigeria walipoingia barabarani kupinga ukatili wa kikosi cha polisi cha SARS, akina dada wa Feminist Coalition walichangisha fedha za chakula, matibabu na mawakili wa waliokamatwa. Njia zikaanza kuzibwa: akaunti ya benki ikafungwa, ukurasa wa kuchangia mtandaoni nao ukazimwa. Wakahamia Bitcoin. Michango ikaendelea kuingia, na walipofunga hesabu walikuwa wamekusanya zaidi ya naira milioni 140.

Wanajumuiya wengi wanaijua Bitcoin kupitia yule jamaa wa WhatsApp anayeahidi kuzidisha pesa yako mara mbili kwa mwezi. Huyo ni tapeli, mkimbieni. Sisi tunazungumzia pesa inayotoka mkononi mwako hadi mkononi mwa ndugu yako bila waziri, gavana wala meneja wa tawi kuweza kuizuia njiani. Kwa watu wanaotuma michango nyumbani kila mwezi, jambo hilo si la kupuuza.

Tazameni Uganda. Desemba 2020, uchaguzi ukikaribia, akaunti za mashirika ya kiraia zilizuiwa, Uganda National NGO Forum likiwamo. Hakukuwa na hukumu ya mahakama, lakini mishahara na kazi zilikwama. Ila Uganda hiyo hiyo inatufundisha na upande wa pili: mkesha wa kupiga kura, Januari 2021, intaneti ilizimwa nchi nzima, na bila intaneti pochi ya kidijitali haikununulii hata kibiriti. Tena, Bitcoin lazima mwishowe igeuzwe shilingi au naira. Hapo serikali inakusubiri mlangoni. Februari 2021 Benki Kuu ya Nigeria iliamuru benki zifunge akaunti za wanaouza na kununua sarafu za kidijitali. Watu wakaendelea kuuziana wao kwa wao, hadi Desemba 2023 benki hiyo ilipolegeza amri. Na anayedhani Bitcoin ni siri amekosea. Kila muamala umo katika daftari lililo wazi. Ikishajulikana kwamba pochi fulani ni yako, nyayo zako zote zinafuatika.

Mwezi uliopita tulifanya somo la kwanza ukumbini. Mama mmoja, fundi cherehani, alifungua pochi kwenye simu yake, akanakili maneno 12 ya siri yanayoifungua pochi hiyo nyuma ya kadi ya vipimo vya mteja, polepole, neno kwa neno. Kisha akauliza: “Na nikiyapoteza haya, nimpigie nani?” Tulimjibu kweli: hakuna wa kumpigia. Hakuna ofisi inayoweza kukufungia, na hakuna ofisi itakayokurudishia. Alikaa kimya kidogo, akaikunja kadi, akaitia kwenye sidiria.

Kwa hiyo tahariri hii inashauri mfuko wa msiba wa jumuiya yetu ubaki benki. Bei ya Bitcoin hupanda na kushuka mno kwa fedha za kusafirishia maiti. Lakini mweka hazina na wajumbe wawili wajifunze sasa, watume na kupokea kiasi kidogo mpaka mkono uzoee, kabla akaunti ya mtu haijafungwa kwa kuwa amemchangia wakili.

Somo la pili ni Jumamosi ijayo, baada ya alasiri. Njooni na kalamu na karatasi. Maneno yale hayapigwi picha.