Daftari la eedo liliishinda apu yangu

Wacha nianze kwa kukiri. Ile apu ya pointi iliyokuwa kwa hoteli ya eedo yangu hapa Garissa, ile yenye stika ya kijani kwa mlango, ni mimi niliileta. Kama ulipoteza pointi zako pale, mtu wa kulaumu ndio huyu anaandika.

Nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa imeisha, nyumbani nilikuwa nimesema ni likizo, na kila jioni nilikuwa nakaa kwa hoteli ya eedo nikila bure na kutoa mawaidha ya biashara. (Hoteli kwetu ni pa kula, msomaji wa Nairobi usianze kuuliza vitanda.) Hapo ndipo kampuni moja ikanipigia simu, ikitafuta kijana wa kusajili mikahawa ya North Eastern. Nikajiona CEO.

Mpango ulikuwa hivi. Mteja anapakua apu, anaagiza chakula kwa simu, na kila shilingi 100 anapata pointi 1. Akifika pointi 50 anapewa soda. Nilimweleza eedo nikiwa na msisimko kama mtu wa kampeni. Yeye alikuwa anakata ndizi za kuwekea wali. Akauliza, "Eedo, mtu akishakula elfu tano kwangu ndio nampa soda ya hamsini?"

Nikasema ndio, inaitwa kumzawadia mteja.

"Mimi huyo nampa supu kila siku na sijawahi kumwambia."

Ningesikiza pale pale. Sikusikiza. Nilimwambia dunia imebadilika, akakubali kwa sababu ni mimi, na kwa sababu watu wetu hawapendi kumvunja kijana moyo mbele ya wateja.

Tatizo la kwanza halikuwa hata pointi, lilikuwa pesa kuchelewa. Sahani ya wali na nyama ya ngamia ni shilingi 400. Ikiagizwa kwa apu, kampuni ilikuwa inakata 80, halafu 320 iliyobaki inakaa kwao mpaka Jumatatu. Sasa niambie, mwenye nyama atangoja Jumatatu? Yule anataka zake asubuhi, mkononi au kwa M-Pesa, kabla jua halijapanda. Kwa hivyo kadiri oda za apu zilivyoongezeka, ndivyo eedo alivyokosa pesa ya nyama ya kesho. Kwa simu tulikuwa tunapanda, jikoni tunashuka.

Baada ya miezi kadhaa simu za kampuni zikaanza kutoshikwa. Halafu apu ikagoma kufunguka. Wateja wakaja na picha walizopiga kwa skrini, huyu pointi 48, yule 61. Eedo hakubishana na hata mmoja. Alitoa soda kwa kila aliyeonyesha simu, kutoka mfukoni mwake, na mimi nilikuwa naosha vikombe nikiangalia ukuta.

Usidhani ni sisi tu washamba tulichomeka. Nakumatt ilikuwa na kadi yake ya Smart, na nusu ya wazazi wa Nairobi walitembea nayo kwa pochi. Januari 2020 wadai walipiga kura duka lifungwe, kadi ikabaki ya kukwangulia barafu kwa friji. Mwisho wa 2023 Jumia nayo ikafunga Jumia Food katika nchi saba, Kenya ikiwemo. Hata Bonga za Safaricom, ambazo zimekuwako tangu 2007 na ndizo pointi pekee mama yangu anazielewa, zilizua kelele mwishoni mwa 2022 kampuni iliposema zilizozidi miaka mitatu zitafutwa. Pointi ni deni ambalo duka linakuwa nalo kwako, lakini anayeamua linakufa lini ni duka lenyewe. Hebu jaribu kumwambia eedo kwamba deni lako litaisha muda Desemba.

Na hapo ndipo nataka tuongee juu ya daftari.

Kila hoteli hapa mjini iko nalo. La eedo ni lile la mistari lenye jedwali la kuzidisha nyuma, limefungwa kwa mpira wa kibandiko cha boda. Ndani hakuna majina kamili. Kuna majina ya utani, kwa sababu Msomali bila jina la utani bado hajazaliwa vizuri: Mrefu, Miwani, Wa Mandera, Mwalimu wa Hesabu. Mbele ya kila jina kuna alichokula na anachodaiwa. Mshahara wa kaunti ukichelewa, na unajua unavyochelewa, kurasa zinajaa haraka kuliko sufuria. Ukitoka, zinakatwa mstari mmoja mmoja.

Hiyo ndiyo programu ya uaminifu ya Garissa. Lakini hapa hoteli ndiyo inamwamini mteja kwanza, si mteja kuchungwa na hoteli. Apu yangu ilikuwa inasema: leta pesa yako mara hamsini halafu tutakukumbuka. Daftari linasema: kula, nakujua. Mwalimu wa Hesabu alihamishwa ghafla wakati walimu kutoka bara walikuwa wanaondoka huku kwa sababu ya usalama. Aliondoka na deni la elfu tatu na kitu. Eedo hakumpigia simu. Miezi mitatu baadaye M-Pesa ikaingia, deni lote, na mia mbili juu. Nionyeshe pointi zinazoweza kufanya hivyo.

Najua kuna mwenye ataniambia napamba umaskini. Kaka, dada, nimeona ubaya wa daftari pia. Wa Mandera hadi leo hajaonekana na pesa ya watu. Na kuna jambo tusilopenda kulisema kwa sauti: daftari linauliza wewe ni nani, mtoto wa nani, umetoka wapi. Kijana wa chuo kutoka Kakamega hapati ukurasa wiki ya kwanza. Mimi nilipata kabla sijajifunza kuhesabu. Apu, pamoja na wizi wake wote, ilimpa huyo kijana pointi zake bila kumuuliza abti yake ni nani. Hilo nalikubali, na bado linanisumbua, kwa sababu mji huu una wageni wengi wanaoulisha na wanaofundishia watoto wake.

Lakini jibu si kuchoma daftari. Baada ya aibu ile nilikaa mwezi mzima bila kutoa mawaidha (eedo alidhani naumwa), halafu tukaanza upya na vitu vilivyoko. WhatsApp ya biashara, ambayo kuanza ni bure, ina picha za chakula na bei. Menyu ya maandishi wengi hawasomi, kwa hivyo mtu anatuma sauti kwa Kisomali au Kiswahili: sahani mbili za wali, suqaar moja, basbaas iwe kali. Analipa kwa namba ya till, pesa inaingia kwa hoteli wakati huo huo, hakuna Jumatatu. Ramadhani tulianza kupokea oda za sambusa tangu saa nane mchana ili kila mtu ajue atapata ngapi kabla ya adhana, badala ya ile vita ya foleni saa kumi na mbili ambapo wenye viwiko virefu ndio wanafuturu.

Ramani ya apu haikuwahi kutusaidia. Ukitaka chakula Bulla Iftin unamwelekeza boda hivi: pita msikiti, geti ya bluu, ukiona tangi limepinda piga honi. Ile kampuni ilikuwa inataka jina la barabara na namba ya nyumba. Namba gani?

Kitu kimoja tu nitalaumu boda wetu. Mwanzoni tulikuwa tunawapa namba ya mteja wapige wakifika. Wiki ya pili dada yangu akaanza kupokea "mambo mrembo" saa nne usiku kutoka kwa mtu aliyemletea anjera. Tukaacha. Sasa hoteli ndiyo inapiga, boda anapewa maelekezo tu. Sheria ya kulinda data iko tangu 2019, na Septemba 2023 kilabu kimoja cha Nairobi kilipigwa faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kubandika picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Hoteli yenye meza sita ikipigwa faini kama hiyo itauza hadi masufuria. Hata Safaricom siku hizi inaficha sehemu ya namba ya anayelipa, na wenye hoteli wanalalamika hawawezi tena kutuma matangazo. Wacha walalamike. Mteja akitaka ujumbe wako atakupa namba mwenyewe.

Na wageni? Tumeanza kitu kidogo. Yeyote anayelipa papo hapo mara kumi, tunaweka alama kwa ukurasa wa nyuma wa daftari, na ya kumi na moja chai na anjera ni juu ya hoteli. Kuanzia hapo anaweza kuandikiwa mpaka mia tano, bila swali la ukoo. Eedo alipinga wiki mbili. Alikubali siku niliyomkumbusha kwamba Mwalimu wa Hesabu hakuwa mtu wetu. Mpaka sasa wako tisa kwa mpango huo. Wanane wanalipa vizuri, wa tisa anajificha nikipita, lakini anadaiwa mia moja na sitini tu, na atarudi kwa sababu hakuna kwingine wali uko hivyo.

Kila Alhamisi usiku napiga picha kurasa zote nahifadhi, maji yakimwagika tusipoteze. Hiyo ndiyo kazi yangu ya teknolojia kwa sasa.

Wiki iliyopita kijana mwingine alikuja na fulana mpya na apu mpya. Eedo alimpa chai akamwonyesha mimi. Nilimuuliza mambo matatu: pesa inaingia lini, orodha ya wateja inabaki na nani nikitoka kwenu, na mkifunga, pointi za watu atalipa nani. Aliandika yote kwa simu yake akasema atauliza ofisi. Chai haikuandikwa, ilikuwa ya bure. Bado namsubiri anipigie.