Jumamosi ya Kijana wa Kanada



Juma lililopita alifika ofisini mwetu mzee mmoja wa kigango cha mbali. Alikuja kwa miguu, na kofia yake ilikuwa imelowa umande. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi. Kisha akasema:

"Mwalimu, nataka cheti cha ubatizo cha mwanangu. Anakwenda Kanada."

(Watu huniita Mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu chuoni kabla ya kuwa karani wa parokia.)

"Aenda kufanya nini, Mzee?"

"Kazi. Bwana mmoja wa mjini amempatia kazi huko. Ila yataka tumlipe kwanza. Nimekwisha pata mnunuzi wa shamba la kahawa, lile la juu ya barabara."

"Na mwanao ajua maisha ya huko?"

Mzee akacheka. "Nani asiyejua? Huko ni raha tupu. Ameona picha katika simu: vijana wanateleza juu ya barafu, wanapiga makasia ziwani, wanachoma nyama. Kila picha wanacheka."

Sikuwa na jibu la upesi. Lakini nilimkumbuka kijana mmoja Mkanada, seremala wa mji wa Ottawa, aliyekaa kwetu miezi tisa akitusaidia kuezeka madarasa. Jioni alikuwa akiketi nami barazani, nami nilimwuliza mambo mengi. Zile picha ni za kweli, lakini ni picha za Jumamosi. Leo nataka niwaelezeni juma zima. Mwenye mtoto mkubwa na asome hadi mwisho.

Kwanza, nchi yenyewe. Wazee wetu waliwajua Wakanada tangu zamani, maana Mapadre Weupe wengi waliofanya kazi Afrika Mashariki walitoka Québec, jimbo la Kanada linalosema Kifaransa. Nchi hiyo ni ya pili duniani kwa ukubwa. Yapita Tanzania mara kumi. Lakini watu wake ni kama milioni 41 tu, na sisi katika hesabu ya mwaka 2022 tulikuwa milioni 61 na zaidi. Wengi wao hukaa kusini, karibu na mpaka wa Marekani, kwa sababu kaskazini baridi ni kali mno. Hata huko Ottawa, mji mkuu, usiku wa Januari hushuka hadi digrii 20 chini ya sifuri, na pengine zaidi. Maji huganda kwenye sifuri. Basi fikirini wenyewe.

Sasa tumfuate kijana wetu siku ya Jumatatu, mwezi wa Desemba. Anaamka saa kumi na moja na nusu. Nje ni giza, maana jua halitoki mpaka karibu saa moja na dakika arobaini. Anavaa suruali mbili, soksi nene, na viatu vyenye chuma puani, kwa sababu sheria ya kazi yataka hivyo. Kabla ya kuwasha gari achukua sepetu na kuondoa theluji iliyoanguka usiku. Theluji hii haina mwisho: ukiiondoa leo, kesho imerudi. Huko nyumba nyingi hujengwa kwa mbao, na kuta hujazwa kitu kama pamba cha kuzuia baridi, basi seremala hakosi kazi. Saa moja kamili yu juu ya kiunzi cha nyumba, nyundo mkononi. Akichelewa robo saa, msimamizi humwandika.

Wala hakuokota kazi hiyo njiani. Katika jimbo lake la Ontario, mtu anayetaka kuwa seremala kamili hujifunza kwa saa 7,200: sehemu kubwa kazini chini ya fundi, na sehemu darasani. Ni karibu miaka minne. Nilipomwonyesha fundi wetu wa hapa, aliyejifunza kwa kumtazama baba yake, walielewana mara moja bila lugha. Mmoja alishika ubao, mwingine akapiga msumari.

Adhuhuri hula mkate aliobeba mwenyewe katika kisanduku. Hakuna shangazi wala dada wa kumpikia. Sheria ya huko yampa nusu saa ya kula, na baada ya saa 44 kwa juma kila saa ya ziada hulipwa moja na nusu. Hayo ni mambo mema, nasi tuyasifu. Anarudi nyumbani saa kumi na nusu, na jua limekwisha tua. Ndiyo, limetua! Mchana wote wa Desemba aliupitisha kazini. Apika, afua nguo, apiga simu kwa mama yake, alala.

Mtaniuliza: je, fedha? Haya, tupige hesabu pamoja. Ndiyo kazi ya karani. Tangu Oktoba 2024 mshahara wa chini kabisa katika Ontario ulikuwa dola 17.20 kwa saa. Kwa saa 40 ni dola 688 kwa juma. Kwa majuma manne ni dola 2,752. Mzee aliposikia hayo alifumbua macho. Nikamwambia: Ngoja, Mzee, tuendelee. Kabla fedha haijafika benki, hukatwa kodi ya serikali, akiba ya uzeeni, na bima ya kukosa kazi. Kisha yaja kodi ya nyumba. Mwaka huo huo, katika mji wa Toronto, nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja cha kulala kwa kawaida ilipita dola 2,000 kwa mwezi. Toeni wenyewe. Kinachobaki ni cha chakula, basi, simu, na koti la baridi, maana koti letu la Krismasi halifai kitu huko.

Ndiyo sababu vijana hukaa wawili au watatu katika nyumba moja, au hurudi kwa wazazi. Sisi hudhani kwamba kila Mzungu akifika miaka 18 hufukuzwa nyumbani. Kumbe sivyo. Hesabu ya watu wa Kanada ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya vijana wa miaka 20 hadi 34 walikaa na mzazi. Seremala wetu naye alikaa kwa mama yake mpaka miaka 24, akiweka akiba ya kununua gari.

Basi, ifikapo Ijumaa jioni, mtu huyu amechoka. Jumamosi kwake ni kama mvua baada ya kiangazi. Asubuhi anakwenda kwa bibi yake kumwondolea theluji mlangoni, maana mkongwe akianguka juu ya barafu huvunjika nyonga. Baadaye achukua viatu vyenye kisu cha chuma chini, akateleze.

Katikati ya Ottawa wapita mfereji uitwao Rideau. Ulichimbwa kati ya mwaka 1826 na 1832 kwa sababu ya vita: Waingereza waliwaogopa Wamarekani, wakataka njia ya maji iliyo mbali na mpaka. Vita hiyo haikuja. Sasa wakati wa baridi mfereji huganda, na watu huteleza juu yake kwa kilometa 7.8, wazee kwa watoto, na wengine huenda kazini hivyo hivyo. Kando yake huuzwa andazi pana, bapa, lenye umbo la mkia wa mnyama wao wa majini, limenyunyizwa sukari na mdalasini. Kijana wetu alipoonja maandazi ya mama yetu wa jikoni alisema, "Haya ni ndugu yake!"

Lakini barafu haichezewi. Wenye kulinda mfereji hawaruhusu watu kuingia mpaka barafu yake ifikie unene wa sentimeta 30. Na majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 mfereji haukufunguliwa hata siku moja, mara ya kwanza tangu watu waanze kuteleza hapo karibu mwaka 1970. Baridi haikutosha. Hivyo msidhani kwamba ni sisi tu tunaosema mvua zimebadilika; na wao wanasema barafu imebadilika.

Mwezi wa Machi, usiku ukiganda na mchana ukiyeyuka, watu huenda mashambani kula sukari ya mti. Upo mti uitwao mepo. Hutobolewa kidogo, utomvu wake hutiririka kama maji, nao huchemshwa kwa kuni saa nyingi. Yataka lita kama 40 za utomvu kupata lita moja ya asali yake. Asali hiyo ya moto humwagwa juu ya theluji safi, ikawa nzito kama ubani, na watoto huizungushia kijiti na kuinyonya.

Na wakati wa joto, jua huko halitui mpaka karibu saa tatu usiku. Hapo kijana wetu na rafiki zake hufunga mtumbwi juu ya gari na kwenda mbuga ya Algonquin, iliyotengwa tangu mwaka 1893. Mtumbwi huo si wa Wazungu kwa asili. Wenyeji wa nchi hiyo ndio waliobuni mtumbwi mwepesi wa magome ya mti, waweze kuubeba begani kutoka ziwa hata ziwa. Mpaka leo hufanya hivyo: hupiga kasia, wakifika nchi kavu huubeba kichwani, wakaendelea. Usiku hulala hemani, na chakula chao hukitundika mtini mbali, kwa ajili ya dubu. Mbu wapo, tena wengi. Mwezi wa Mei na Juni wapo pia inzi weusi wadogo wanaouma nyuma ya masikio. Hayo katika picha hayaonekani.

Nilimwuliza jioni moja, "Je, jambo gani ni gumu kuliko yote?" Nilidhani atasema baridi. Akakaa kimya, kisha akasema, "Ni giza la Januari, na kwamba waweza kukaa Jumapili nzima, hakuna mtu aliyegonga mlango wako." Mimi siku hiyo nilikuwa nimegongewa mlango mara tisa, nikanung'unika. Sikunung'unika tena kwa muda wa juma zima.

Basi, Mzee aliyasikia hayo yote. Sikumwambia mwanawe asiende. Wapo wenzetu waliokwenda huko kwa njia ya halali, wakafanya kazi, wakasomesha wadogo zao. Nilimwambia jambo jingine: Sheria ya Ontario yakataza mtu kumtoza mfanyakazi mgeni ada kwa kumtafutia kazi. Anayetaka kazi halipi; anayetaka mtu ndiye hulipa. Sasa huyu bwana wa mjini alipwa kwa nini?

Tukachukua karatasi, tukaandika maswali matatu. Mwajiri ni nani, na anwani yake iko wapi? Mshahara ni dola ngapi kwa saa, na mkataba u wapi? Kwa nini fedha italipwa mkononi bila stakabadhi? Mzee akaitia karatasi mfukoni, akaenda.

Jumanne amerudi. Mwanawe alimpelekea yule bwana karatasi. Bwana hakujibu swali hata moja. Alisema kwamba wenye maswali mengi hupoteza nafasi zao, na kwamba yataka fedha iwe imefika kabla ya Jumamosi. Mzee amemwambia mnunuzi wa shamba angoje. Kijana amekasirika sana. Jana alipita mbele ya ofisi yangu, akatazama upande mwingine. Sina kinyongo naye. Kijana wa miaka 22 aliyekwisha waaga rafiki zake, kisha akaambiwa angoje, aona haya kijiji kizima. Wazazi, mkiwa na mtoto wa namna hiyo, msimcheke. Mketishe, mpige naye hesabu, kama tulivyofanya leo. Na kama ataka ufundi, na aanze ufundi hapa hapa. Seremala ni seremala popote, na msumari hauulizi pasi ya kusafiria.

Jambo moja zaidi, kisha niwaache. Yule Mkanada alikuwa akinywa kahawa kila asubuhi tangu ujana wake, lakini mbuni hakuwahi kuuona, maana kwao haumei. Siku chache kabla ya kuondoka nilimpeleka kuona mashamba ya juu ya barabara. Akashika tawi lenye buni nyekundu, akauliza mti huo wazaa baada ya miaka mingapi. Nikamwambia, mitatu au minne, na ukitunzwa huzaa mpaka wajukuu. Akasema, "Kwetu hakuna aliyenipandia kitu kama hiki."

Shamba lile ni la Mzee huyu. Alilipanda baba yake.

Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.

Karani wenu