Mgeni wa Chuo Kikuu na Aonyeshwe Shamba

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vyuo vikuu vyetu vimeishika methali hii barabara. Mwanafunzi mgeni hupokewa, huonyeshwa maktaba na zahanati kwa siku chache, kisha hukabidhiwa jembe lake. Lisilofanyika ni kumwonyesha shamba lilipo. Upungufu huu humwumiza zaidi mwanafunzi atokaye mashambani.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Nililelewa Dundori, kwenye nyanda za baridi za Nakuru, ambako karo hutokana na viazi, kabeji na maziwa. Nilipojiunga na chuo mwaka wa 2016, matamshi yangu ya Kiingereza yalichekwa katika wiki ya kwanza. Kesho yake nilipoulizwa nitokako, nilijibu, "Nakuru mjini." Muhula huo wote sikuinua mkono katika ukumbi wa mihadhara, hata pale nilipokuwa na jibu.

Kisha kuna fedha. Mkopo wa matumizi wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), unaoweza kufika shilingi 60,000 kwa mwaka, hutolewa kwa mkupuo kila muhula. Mkupuo wangu wa kwanza ulikwisha kabla ya wiki ya sita: viatu, simu, na vinywaji vya marafiki niliotaka wanione kuwa mmoja wao. Wiki zilizosalia nilishindia chai na mkate, huku nikimwambia mama kwamba mambo ni shwari. Mama hakudanganyika. Aliuza mtamba wake mmoja akanitumia fedha, nami sikuthubutu kumweleza zilikokwenda zile za kwanza.

Wapo wasemao kwamba shida hukomaza, na kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini mama alikuwa amenifunza! Nyumbani, mbegu ya msimu ujao hutengwa kabla ya gunia la kwanza kuuzwa. Anayejua kutenga mbegu anajua kuweka akiba. Nilichokosa ni mtu wa kuniambia kwamba mkopo ni mavuno, na muhula ni msimu. Badala yake niliamini kwamba yote niliyoyajua yalifaa kuachwa langoni pamoja na matope ya Dundori.

Hebu tutafakari. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, ng'ambo ya pili ya mji wa Nakuru. Sikusomea huko, lakini najua kwamba kilianza mwaka wa 1939 kikiwa shule ya kilimo. Ni ajabu iliyoje kwamba katika kaunti ambayo chuo chake kikuu kilichipuka shambani, mwana wa mkulima aone haya kutaja shamba la wazazi wake!

Kuanzia mwaka wa 1984 hadi 1990, vijana waliofuzu kujiunga na vyuo vikuu walipitia kwanza mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa. Sidai gwaride lirejeshwe. Hata hivyo, mwana wa tajiri na wa maskini walivaa sare moja kabla ya kutambuana kwa viatu.

Chama chetu cha Kiswahili kinaweza kuanza bila kungoja agizo la utawala wala bajeti. Kila mwanachama wa mwaka wa tatu amchukue mgeni mmoja kwa muhula mzima, si kwa wiki moja. Amweleze kwa Kiswahili, lugha isiyomtia woga, jinsi ya kugawa mkopo kwa wiki, jinsi ya kumwendea mhadhiri, na mahali pa kukimbilia mambo yanapomlemea.

Siku hizi nikiulizwa nitokako, najibu, "Dundori." Ilinichukua miaka miwili kulitamka jina hilo bila kuinamisha kichwa. Ndugu zetu wanaoingia muhula ujao wasicheleweshwe hivyo.