Dakika Kumi na Nane za Angani



Ukipima ramani kwa rula, kutoka Kilosa hadi Mikumi ni takriban kilometa 60. Ndege ndogo iendayo kilometa 200 kwa saa ingeumaliza umbali huo kwa dakika 18 hivi. Hesabu ni sahihi, ila ni nani miongoni mwetu atakayesafiri hivyo? Kiwanja cha Mikumi kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, nacho huwahudumia zaidi watalii.

Safari yetu sisi ni ya ardhini, kwa kupitia Ulaya, na masika huipima kwa kipimo chake. Tukumbuke mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010: Mto Mkondoa ulivunja kingo, nyumba zikasombwa, reli ikakatika. Siku zile kilometa hazikuwa na maana.

Kwa maoni yangu, wanaopanga huduma wasiishie kuuliza hospitali iko kilometa ngapi. Waulize mjamzito wa kijijini atafika kwa saa ngapi mwezi Aprili.

Nasi tusikae kuwangoja. Jumuiya ndogo ndogo zaweza kujua mapema nani anakaribia kujifungua, nani ana pikipiki, na nani yu tayari kumpokea mgeni karibu na hospitali kabla mvua hazijaanza. Jumapili hii, kila jumuiya na ianze kuandika orodha hiyo.