Taka Nazo Huchambuliwa

Majuzi nilikuwa Boito, nchi ya chai huko Bomet, kwa rafiki yangu wa siku nyingi. Asubuhi nilifuatana na mkewe shambani. Alichuma majani mawili na chipukizi, basi. Jani gumu alilitupa, kwani pale kituo cha chai karani hupekua kila mzigo, na ulio na majani mabaya hurudishwa.

Tuliporudi nyumbani nikaona ajabu. Mama yule yule alikusanya maganda ya viazi, chupa, nepi za mtoto na nailoni za mikate, akamwaga vyote katika shimo moja nyuma ya jiko. Nikamwuliza kulikoni.

"Taka ni taka, mzee," akanijibu.

Mumewe aliguna. Ng'ombe wao wa maziwa alifuata maganda katika shimo lile, akavimba, akafa. Alipopasuliwa, tumboni mlijaa nailoni. Gharama hiyo haikuandikwa katika risiti yoyote, lakini waliilipa.

Msidhani nawacheka watu wa bara. Sisi wa pwani tuna yetu. Mama wa Mji wa Kale huketi na ungo, akachambua mchele punje kwa punje, kijiwe kisimpite. Kisha maganda ya muhogo, matumbo ya samaki, karatasi na chupa huvitia gunia moja, akamlipa mwenye mkokoteni. Jaa la Kibarani, kando ya maji ya Makupa, lilifungwa mwaka 2018. Taka za kisiwani sasa husafirishwa hadi Mwakirunge, huko Kisauni, na lori halinywi maji, lanywa mafuta. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni maganda na makombo, vitu vilivyojaa maji. Yaani twalipa nauli ya maji! Na karatasi ambayo ingeuzika, ikisharowa mchuzi haina mnunuzi.

Sheria ya taka ya mwaka 2022 yamtaka kila mwenye nyumba atenge zinazooza na zisizooza. Vyema, lakini sheria haiingii jikoni. Aingiaye jikoni ni mama, na mtoto anayetumwa kumwaga taka. Hao ndio wa kufundishwa, na somo lenyewe wanalijua nusu: mwenye kuchambua mchele au chai hashindwi kuchambua taka. Vyombo viwili vyatosha. Cha maganda kiende kwa mbuzi au shimo la mbolea. Cha vikavu kingoje mnunuzi wa vyuma na chupa.

Chuoni tulifundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka. Naomba walimu wetu wa leo waongeze: asiyeuweka udhia huo njiani naye ana fungu lake.

Siku niliyoondoka Boito, gunia lilikuwa limetundikwa kando ya shimo, na mtoto ameamrishwa nailoni zote azitie humo. Nikirejea, nitalitazama gunia hilo kabla ya kunywa chai.