Simu Imekuwa Somo wa Watoto Wetu



Wiki iliyopita alituandikia mama mmoja wa hapa Unguja. Mtoto wake wa kiume, miaka 11, alirudi chuoni, akachukua simu iliyokuwa kwenye chaji ukumbini, akajifungia chumbani kuangalia mpira. Mama alipoingia kumwita kula alimkuta ameganda mbele ya kioo cha simu, kofia ya chuoni bado kichwani. Anasema hakumpiga wala hakupiga kelele. Aliichukua simu, akaenda kukaa uwani, akalia. Swali lake kwetu: serikali iko wapi mpaka picha chafu zinaingia ndani ya nyumba za watu? Dada yake aliyekuwepo alishamjibu kwamba siyo serikali iliyonunua bando.

Tumelijadili hili sisi kwa sisi na tusifiche, tuligawanyika. Wapo kati yetu wanaotaka kila kitu kifungwe leo kabla ya Magharibi. Wapo wanaosema mtu mzima ana akili zake na atajibu mwenyewe mbele ya Mola wake, serikali haikupewa kazi ya kuchungulia vyumbani. Tulipokubaliana ni kwamba wote wawili, yule mama na dada yake, wana haki, na kwamba kila mmoja anamsukumia mwenzake sehemu ya kazi iliyo yake.

Tuanze na serikali. Si kweli kwamba hatuna sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na kifungu cha 14 kinakataza kuchapisha picha za ngono mtandaoni. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Filamu za kuonyeshwa hadharani hapa visiwani zinapaswa kupita BASSFU. Mambo haya yalikuwa na maana kubwa zaidi wakati kibanda cha video kilikuwa na mlango mmoja na mwenyewe anajulikana mtaa mzima. Sasa kibanda kiko mfukoni mwa mtoto na mwenye nacho yuko nchi nyingine, hakijui hata hicho kisiwa chetu.

Ndiyo maana hatukubaliani na hoja kwamba kila mtu ajizuie na yaishie hapo. Kujizuia ni ibada na hatuidharau. Lakini biashara hii ina watu wanaolipwa mshahara kuhakikisha anayeingia hatoki. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka 11 ashindane nao peke yake kisha akishindwa ukasema hakulelewa. Hata Uingereza, ambako ndugu zetu wengi wanaishi na ambako neno uhuru halikosekani kinywani, tangu Julai 2025 sheria inazitaka tovuti hizo zithibitishe umri wa anayeingia. Wapo wanaoikwepa kwa VPN, ni kweli. Na mlango wa duka nao huvunjwa, lakini hatujasikia mtu akisema basi maduka yaachwe wazi usiku.

Dini yetu nayo imeweka mpaka, na tunaona watu wanausahau wa pande zote mbili. Sura ya An-Nur, aya ya 19, inawaonya vikali wanaopenda uchafu uenee kati ya waumini. Kueneza ni jambo la sokoni, na soko lina msimamizi. Lakini aya ya 12 ya Al-Hujurat inatukataza kupelelezana. Kwa hiyo serikali inayomfuata muuzaji na msambazaji sisi tuko nayo. Serikali inayotaka kufungua simu ya kila mtu, au kufunga mtaa mzima kwa sababu ya duka moja, hapo tunasita. Mwaka 2025 mtandao wa X ulipofungwa nchini, sababu aliyoitoa waziri ilikuwa picha za ngono. Wengine wakasema sababu ni nyingine. Hilo tunawaachia wanasiasa. Tunachojua ni kwamba vijana wetu hawakukosa picha chafu hata siku moja.

Na kuna jambo la tatu ambalo kwetu wanawake ni zito kuliko yote. Sheria za namna hii mara nyingi hutungwa kwa ajili ya kutulinda, kisha zinatugeukia.

Tutazame jirani zetu Uganda. Februari 2014 Rais wao alisaini sheria ya kupinga ponografia. Mitaani ikaitwa sheria ya sketi fupi, na kabla wino haujakauka makundi ya wanaume yakaanza kuwavua nguo wanawake hadharani, yakidai yanasimamia maadili. Hebu fikirini: unamvua mtu nguo barabarani kwa kupinga picha za utupu! Wanawake ambao picha zao za faragha zilivujishwa nao wakajikuta wanatishiwa mashitaka wao, badala ya aliyevujisha. Mpaka Agosti 2021 ndipo Mahakama ya Katiba ilipofuta vifungu muhimu vya sheria ile.

Hapa kwetu hatujafika huko kwa sheria, lakini kwa desturi tumeshafika. Video ya msichana ikivuja, kwa Laasiri imeshaingia kwenye magrupu yote ya WhatsApp, pamoja na yale ya kusomeana Qur'an. Kila anayeituma anaandika "astaghfirullah, tazameni dunia ilipofika", kisha anabonyeza kutuma. Msichana anatolewa skuli au anapelekwa kwa jamaa Pemba mpaka watu wasahau. Kijana aliyerekodi anaonekana barazani jioni ileile anakunywa kahawa. Nani aliwahi kumuuliza? Sheria ya 2015 inamgusa yeye, na inamgusa kila aliyesambaza, shangazi mwenye astaghfirullah akiwemo. Kama serikali inataka kutuonyesha kuwa inachukia uchafu huu, ianzie kwa huyo, ambaye jina lake linajulikana na nyumba yake inajulikana. Na askari atakayepokea malalamiko ya msichana asiombe kwanza kuiona video.

Sasa turudi nyumbani, maana dada wa yule mama naye ana haki yake.

Mtoto wa kike wa Kizanzibari alikuwa na somo. Kabla ya harusi alikaa ndani na mtu mzima wa kumwambia mambo ya twahara, ya heshima, ya nini kitatokea na nini asikubali. Tunaweza kubishana kuhusu baadhi ya mafunzo yale, na tumeshawahi. Lakini alisikia kutoka kwa mtu anayempenda. Mtoto wa kiume yeye hakuwa na mtu. Sasa amepata: simu. Na somo huyu mpya hafundishi huruma wala haya. Ujumbe tunaoupokea kutoka kwa mabiharusi, wengine hawajamaliza hata fungate, unatuumiza. Mume anataka yale aliyoyaona, mke akilia anaambiwa hajui mapenzi. Hakuna wizara inayoweza kuingia chumbani kurekebisha hilo.

Yule mama alitueleza jambo jingine mwishoni mwa ujumbe wake. Simu ile ni ya baba. Alipoitazama, mambo mengi yaliyofunguliwa yalikuwa ya saa saba na saa nane za usiku, mtoto akiwa amelala. Mtoto hakutafuta kitu. Alifungua na kukuta kimeachwa wazi. Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba An-Nur, aya ya 30, inapoamrisha kuinamisha macho, inaanza na wanaume, na sisi wanawake tunafuata katika aya ya 31. Khutba nyingi tunazosikia huanzia 31.

Tulimshauri kama ifuatavyo. Aweke namba ya siri, na mtoto asitumie simu nyuma ya mlango uliofungwa. Asimtie aibu mtoto wala asimwambie ni kafiri mdogo. Amwambie alichokiona si mapenzi na si kosa lake kukutana nacho. Mjomba wake, ambaye mtoto anamwamini, amekubali kumchukua Ijumaa baada ya sala wazungumze kiume. Kuhusu baba, mama anaogopa, na tunamwelewa. Tumemwambia aanze usiku watoto wakilala, asianze kwa lawama, aanze kwa kumweleza alivyomkuta mtoto na kofia yake kichwani.