Gari si gunia la mpunga, usiliuze kwa mali kauli

Kila mavuno ya mpunga na mahindi yakikamilika, fedha huonekana Mpanda na magari yaliyotumika huanza kutafutiwa wenyewe wapya. Mkulima wa Mpimbwe anataka pikapu, mchimbaji wa dhahabu anataka Noah, na mwenye duka anauza la kwake aongeze mtaji. Matapeli nao huusubiri msimu huo huo.

Kwa maoni yetu, kosa kubwa la wauzaji wa hapa ni kuliuza gari kama bidhaa ya dukani. Biashara ya Katavi imezoea mali kauli: unampa mtu mzigo leo, analipa akishauza. Utaratibu huo unafaa kwa kuwa mteja atarudi kutaka mzigo mwingine, na akidhulumu atanyimwa. Mnunuzi wa gari harudi. Leo yuko nawe Mpanda, keshokutwa yuko Tabora au Sumbawanga.

Aidha, muuzaji hupata hasara mara mbili. Maadamu kadi ya gari ina jina lako, kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato (TRA) zinakutambua wewe. Gari likigonga mtu au likikamatwa na magendo, polisi wataanza na wewe.

Kwa hiyo, msomaji, zingatia haya. Kwanza, ujumbe wa simu si fedha. Tapeli anaweza kutuma ujumbe unaofanana na ule wa kampuni ya simu. Angalia salio lako mwenyewe. Hundi nayo si fedha hadi benki ithibitishe kwamba imelipwa. Fedha taslimu zihesabiwe kaunta ya benki, ili noti bandia zigundulike hapo hapo.

Pili, jihadhari na dalali anayekwambia usitaje bei mbele ya mnunuzi. Huenda mnunuzi ameambiwa alipe kwa dalali. Akitoweka na fedha, mtabaki ninyi wawili mkigombea gari moja.

Tatu, anayetaka kulijaribu gari panda naye, na kadi halisi ibaki mikononi mwako.

Nne, mkataba uandikwe mbele ya wakili, uonyeshe namba za vitambulisho vya pande zote mbili, namba ya chasisi na ya injini, pamoja na tarehe na saa ya makabidhiano. Kisha kamilisheni pamoja uhamisho wa umiliki TRA. Kubalianeni mapema nani atalipa ada na ushuru wa stempu, maana "nitashughulikia mwenyewe" ya mnunuzi mara nyingi huishia hapo.

Wapo watakaosema masharti haya yatafukuza wateja. Mwenye fedha halali atapoteza siku moja au mbili tu. Atakayekimbia wakili na benki, mwache aende. Gari lako limepona. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.